Kupima nyuzi za karatasi kwa dawa ya Herzberg, hapa Tabora

Majalada ya zamani ninayoyatunza Tabora yana karatasi za kila namna, na jicho halitoshi kuzitofautisha: pamba iliyochafuka na mbao iliyosagwa hufanana umanjano. Dawa ya Herzberg, ambayo huzitia nyuzi rangi kulingana na asili yake, hutoa jibu kwa nyuzi chache tu zilizochomolewa kwenye ukingo uliokwisha kuchanika.

Yeyusha gramu 50 za zinki kloraidi kavu katika mililita 25 za maji yaliyokenekwa. Vaa glavu na uitie kidogokidogo, maana hupata moto sana. Kopo lake likiachwa wazi msimu wa mvua, chumvi hiyo huvuta unyevu. Hapo unachopima kwenye mizani ni maji, na dawa hutoka dhaifu.

Chombo kingine kiwe na gramu 5.25 za potasiamu ayodaidi na gramu 0.25 za ayodini. Lowesha kwa matone machache ya maji hadi ayodini iyeyuke yote, ndipo uongeze maji kufikia mililita 12.5. Ukiyamwaga kwa mkupuo, ayodini hubaki chini. (Tincha ya ayodini ya duka la dawa haifai, ina spiriti.) Changanya na mililita 25 za ile ya zinki, acha gizani usiku kucha, kisha mimina sehemu angavu ya juu kwenye chupa nyeusi.

Chemsha nyuzi katika testi tyubu, tikisa zisambaratike. Usiruke hatua ya kuchemsha: wanga uliopakwa kwenye karatasi hugeuka buluu ukikutana na ayodini, ukakudanganya. Tandaza kwenye slaidi na ukaushe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwani maji yaliyobaki huizimua dawa na rangi hubadilika. Weka matone mawili ya dawa, funika, tazama kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 100.

Pamba na kitani huwa nyekundu ya zambarau, mbao iliyopikwa kwa kemikali huwa buluu, iliyosagwa huwa manjano. Juti nayo hutoa manjano, kwa hiyo angalia na umbo: unyuzi wa pamba umejisokota kama utepe. Mimi siamini chupa yoyote kabla ya kuijaribu kwenye pamba ya hospitali na gazeti.

Karatasi ya mbao iliyosagwa naitenga kwenye bahasha isiyo na asidi, kwa sababu asidi yake huhamia kurasa jirani.