Nilivyompeleka mama Kiyomizu-dera katikati ya sikukuu

Mama alikuja kunitembelea Osaka mwisho wa mwezi wa nne, na kitu alichokitaka kuliko vyote ni kuona lile hekalu la mbao la Kyoto ambalo nilishamsimulia kwenye simu kwamba baraza lake limesimama bila misumari. Marehemu baba alikuwa seremala Tanga, ndo maana. Sasa shida ni moja, likizo yangu mimi ndo hiyohiyo ya nchi nzima, wanaita Golden Week, yaani sikukuu ya tarehe 29 Aprili halafu 3, 4 na 5 Mei, na Wajapani wengi wanasubiri siku hizo wasafiri.

Tarehe 4 tulienda kama watu wote wanavyoenda. Saa 4 asubuhi tuko stesheni ya Kyoto, foleni ya basi imejikunja mara mbili, tukapanda basi la tatu, nauli yeni 230, mama kasimama njia nzima. Kushuka kituo cha Gojozaka ndo balaa lenyewe, ile njia ni mlima na ni nyembamba, maduka pande zote, watu bega kwa bega na wala hamsogei. Mama ana magoti. Tulipofika katikati akashika ukuta akaniambia, "Mwanangu, mimi sijaja kuona migongo ya watu." Tukarudi. Iliniuma sana maana siku za likizo zilikuwa zinaisha.

Usiku nikakaa nikasoma vizuri, kumbe hekalu linafunguliwa saa 12 asubuhi kila siku! Nikamwambia mama kesho tunaondoka baada ya sala ya alfajiri. Tukawahi treni za mwanzo za kampuni ya Keihan mpaka stesheni ya Kiyomizu-Gojo, hapo hamna habari ya basi, tukachukua teksi kwa ajili ya ule mlima (mlango wa nyuma unajifungua wenyewe, usiuguse). Onigiri (vitonge vya wali) za samaki tulinunua jana yake tukazitia kwenye begi pamoja na mfuko wa takataka, kwasababu mapipa barabarani huku ni shida kuyapata. Tulifika kabla ya saa 1, maduka yamefungwa, njia nyeupe kabisa, ileile ya jana siamini macho yangu.

Kiingilio yeni 500 kila mtu. Sisi ni Waislamu, hatukwenda kuabudu, kwahiyo wenyewe walipokuwa wanaomba tulisimama pembeni kimya tukawapisha. Baraza lile liko juu mita 13 hivi na lililopo leo lilijengwa 1633, hekalu lenyewe ni la tangu 778. Wajapani wana msemo, kuruka toka baraza la Kiyomizu, maana yake kukata shauri zito ukaenda nalo mpaka mwisho.

Ila kwa mama, uzuri haukuwa kule juu. Ukitoka barazani usishuke zile ngazi kali, endelea mbele kwenye jengo la Okunoin, hapo ndo unaliona baraza lote kwa mbele, halafu njia inazunguka kwa mteremko wa taratibu mpaka chini kwenye maji ya Otowa, magoti yakavumilia. Pale chini unaziona nguzo zenyewe za mti wa keyaki, nene balaa, mbao za kulala zimepenyezwa kwenye matundu ya nguzo kisha zikakazwa kwa kabari. Mama alisimama hapo karibu nusu saa. Ananionyesha kwa kidole, hii imeingia hivi, ile imeifunga hii, baba yako alitengenezea vitanda vya harusi hivihivi na watu walimwambia anapoteza muda. Mimi sikuwahi kujua hilo. Miaka yote nalala kwenye kitanda cha baba sijawahi kuinama kuangalia uvunguni.

Maji ya Otowa ni mikondo mitatu, unakinga kwa kata ya mpini mrefu, na wenyewe wanasema kunywa yote mitatu ni uroho. Mama akakinga mmoja wa karibu.

Saa 3 kasoro tunatoka ndo makundi yanaanza kupandisha. Tukashuka ukingoni mwa njia taratibu, mama kanishika mkono, simu yake imejaa picha za kabari tu za kumpelekea kaka, ambaye ndo kabaki na karakana.