Kianikio cha ukutani: nilivyopata pa kuanika nguo wakati wa masika

Mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, shati la skuli la mwanangu wa pili lilikaa kwenye kamba siku tatu na bado kola na makwapa yalikuwa mabichi. Siku ya nne alilivaa hivyo hivyo. Nilipomkumbatia mlangoni nikasikia uvundo. Mtoto ameoga, kanywa chai, kachana nywele, na ananuka kama tambara la kudekia. Iliniuma sana. Nikajua udi na pasi havitatosha tena, lazima nguo zipate mahala pake.

Tunakaa Mkunazini, ghorofa ya pili, katika nyumba ya familia upande wa mamangu. Anayeujua Mji Mkongwe wa Zanzibar anavijua vichochoro vyake: ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kwa jirani. Jua hupita juu ya mapaa kwa muda mchache, kwetu halishuki. Ua hatuna, na paa letu halipandiki. Kamba yetu ilitoka dirishani hadi kwenye nondo za dirisha la mbele, na nguo zilichuruzikia vichwa vya wapita njia. Wengine wanakwenda msikitini, wana udhu wao na kanzu nyeupe. Kila nikisikia mtu chini anasema "astaghfirullah", moyo ulinidunda.

Kwanza nilitaka kufunga vyuma nje ya dirisha. Mamangu alikataa, na alisema kweli. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na uso wa nyumba haubadilishwi bila kibali. Zaidi ya hayo, tangu upande mmoja wa Beit al Ajaib, lile jumba la kale la hapa mjini, ulipoporomoka Disemba 2020, bi mkubwa hataki kusikia nyundo ikipigwa kwenye ukuta wa zamani.

"Nyumba hii nimezaliwa nimeikuta, mwanangu. Usije ukaitikisa kwa sababu ya nguo."

Nikamwahidi kwamba kitakaa ndani, kitakuwa cha mbao, na hakitagusa dirisha wala mlango.

Ndani basi, lakini wapi? Tumezoea kusema nguo hukaushwa na jua. Jua husaidia, ila kinachoyatoa maji kwenye kitambaa ni hewa inayopita na kuyachukua. Nguo ikiwa mahala palipozizima, hewa iliyoizunguka ikishajaa maji haipokei mengine. Nilitaka kujua hewa ya ukumbini kwetu ina njia gani. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka kipande cha udi, nikawa nakibeba chetezo kutoka pembe hadi pembe, kila mahala nasimama kidogo kuangalia moshi.

Nilidhani ukuta wa karibu na dirisha ndio mzuri. Pale moshi ulipanda wima, ukafika kwenye boriti za dari ukatulia. Lakini kwenye ukuta uliopo baina ya vidaka viwili, mkabala na mlango wa ngazi, moshi ulilala ukakimbilia ngazini. Ngazi yetu ni nyembamba na imepanda hadi juu, inavuta hewa kama dohani. Nilirudia asubuhi, adhuhuri na baada ya magharibi. Mwezi wa Juni upepo wa kusi ulipoanza nikarudia tena, na njia ya moshi ilikuwa ile ile, ila ya kasi zaidi. Ukuta ukawa umejichagua. Nafasi baina ya vidaka ni sentimita 130, na mimi nilihitaji mita moja.

Umbo nililoliamua ni la ngazi fupi. Fremu ya upana wa mita moja na urefu wa sentimita 90, yenye fito nane za mviringo zilizopishana sentimita kumi. Chini imeshikwa na bawaba. Juu ina minyororo miwili inayoizuia isianguke mbele ikifunguliwa. Ikifunguliwa inainama kutoka ukutani kama nusu ya pembe ya mraba, kila ufito unakuwa mbele kidogo ya ulio chini yake, hivyo nguo hazibandikani. Nguo zikianuliwa unaisukuma, inalala ukutani na ukumbi unabaki mweupe kwa wageni. Fito nane za karibu mita moja ni karibu mita nane za kuanikia, na kamba yangu ya dirishani ilikuwa haifiki mita nne.

Sasa mbao, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Kianikio si kabati. Mbao itashikana na kitambaa kilichorowa usiku kucha, na miti mingi ina rangi ndani yake inayotoka ikipata maji. Seremala wetu, mzee ambaye mtaa mzima tunamwita babu, aliniuliza swali moja tu: "Utaanika na kanzu?" Nilipoitikia, akakusanya vipande vya mabaki, akanambia nikavijaribu nyumbani.

Nikavirowesha vipande vyote, kila kimoja nikakiviringisha bafta nyeupe, nikakifunga uzi na kukiacha tangu isha mpaka siku ya pili adhuhuri. Mfenesi, ambao mimi nilikuwa naupenda kwa uzuri wake, uliacha alama ya manjano kama bizari. Mkoko uliacha wekundu wa kahawia, na babu hakushangaa, maana gome la mkandaa, ambao ni aina ya mkoko, ndilo lililokuwa likitumika kutilia rangi ngozi. Msaji uliacha kivuli chepesi cha hudhurungi. Msonobari, ule ambao wauza mbao wengi wanauita paini, haukuacha kitu.

Kwa hivyo nikagawa kazi. Fito, zinazogusa nguo, ziwe za msonobari usio na macho, maana kwenye macho ndipo hutoka utomvu na ndipo ufito huvunjika. Fremu na mbao za ukutani ziwe za msaji, unaostahimili unyevu na mchwa. Babu alinikerezea fito nane za unene wa milimita 25. Nyembamba zaidi ya hapo hupinda, na tena huacha mkunjo kwenye kanzu ambao pasi inauhangaikia.

Jambo jingine alilonifunza ni la misumari. Chuma cha kawaida hewa hii ya bahari inakitafuna, hilo kila mtu analijua, lakini kwenye mbao kama msaji iliyorowa hutokea zaidi ya kutu. Maji ya mti yakikutana na chuma hutoa weusi kama wino, na weusi ule ukiingia kwenye shati jeupe hautoki. Nikanunua skrubu, bawaba na minyororo ya stenlesi. Ndivyo vitu vilivyonigharimu kuliko mbao zenyewe, na sijutii hata shilingi moja.

Fremu niliitengeneza mwenyewe kwa siku mbili. Matundu ya fito niliyatoboa kwa kina cha sentimita moja na nusu, nikatia gundi ya mbao isiyoogopa maji, nikakaza kwa kamba mpaka asubuhi. Kazi hiyo haikunisumbua. Iliyonisumbua ni ukuta.

Kuta zetu hazikujengwa kwa matofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene unakaribia nusu mita, na juu yake lipu ya chokaa. Niliazima drili kwa kaka yangu, nikaiweka kwenye kugonga, nikatoboa matundu sita na kutia plagi za plastiki za sentimita tano kama watu wanavyofanya kwenye nyumba za saruji. Unga mweupe ulimwagika, mara drili ikazama yenyewe kwenye uwazi baina ya mawe, na tundu likapanuka. Plagi mbili zilikuwa zinazunguka ovyo. Nikajipa moyo kwamba nne zinatosha. Nilipouvuta ubao wa juu kwa mikono kujaribu, ulitoka na kipande cha lipu ukubwa wa sahani. Mamangu aliingia, akatazama, hakusema neno. Nilifagia nikiwa nalia.

Ni lazima nieleze kwa nini ubao wa juu ndio uliotoka. Uzito wa nguo unakwenda chini kwenye bawaba, na huko unaukandamiza ukuta. Lakini minyororo inavuta ubao wa juu kuelekea ukumbini, na lipu ya chokaa haina nguvu ya kuzuia kuvutwa. Kila unapoifungua fremu zaidi, mvuto nao unazidi. Uzito wenyewe niliupima kwa mzani wa duka la chini: beseni la nguo kavu lilikuwa kilo nne, na baada ya kufua na kukamua kwa mkono lilikuwa kilo tisa. Kilo tano nzima za maji zilikuwa zinasubiri kuvutwa na hewa.

Babu alinipeleka kwa fundi mwashi aliyezeeka katika kutengeneza nyumba za mjini. Alikuja, akaubisha ukuta kwa vifundo vya vidole kama anayepiga hodi, akiweka sikio. Palipolia wazi akaacha, palipolia pazito akatia alama ya mkaa.

"Ukuta huu hautaki mashine, mwanangu," akasema. "Utilie vigingi."

Alinionesha kigingi cha kwanza, vitano vilivyobaki nikafanya mimi yeye akiwa amekaa. Kwa tindo na nyundo ndogo unafungua tundu la upana wa sentimita tano na kina cha sentimita 12, ndani lipanuke kidogo kuliko mdomoni. Unalisafisha vumbi lote, kisha unalirashia maji, kwani jiwe kavu litainyonya chokaa kabla haijashika. Kigingi ni cha msaji, na ncha yake nene ndiyo inayoingia ndani. Kikishaingia unakijaza pembeni vipande vya mawe na chokaa, unashindilia mpaka kisitikisike.

Nilimuuliza kwa nini asitumie saruji, tumalize siku hiyo hiyo. Akaniambia saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ukutani yanafungiwa, na siku moja saruji hubanduka na ukuta wake. Chokaa ni mawe yale yale ya matumbawe, yamechomwa kwenye tanuu na kuzimwa kwa maji, kwa hivyo yanarudi kwa ndugu zao. Tulichanganya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga, mchanga wa shimo, wa pwani una chumvi. Kisha nikasubiri wiki nne. Chokaa huwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, haiharakishwi. Wiki ya kwanza niliifunika kwa kitambaa kibichi asubuhi na jioni isipasuke.

Wiki hizo nilizitumia kupaka vanishi. Mtu mmoja alinishauri sifa, mafuta ya papa yanayopakwa majahazi. Kwa jahazi ni dawa, kwa shati la mtoto hapana, harufu yake haiishi. Nilipaka vanishi inayostahimili maji ya bahari mara tatu, nyembamba, kila mara nikipitisha msasa mwepesi baada ya kukauka. Siku kumi baadaye nikarudia jaribio la bafta kwenye fito na kwenye fremu. Vitambaa vyote vikatoka vyeupe.

Mbao mbili za ukutani, ya juu na ya chini, kila moja ilikaa kwenye vigingi vitatu, nikakaza skrubu za sentimita sita na kuhakikisha kwa pima maji. Bawaba zipo sentimita 120 kutoka sakafuni. Kabla ya kuanika hata leso nilitundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji katikati ya fremu, nikailaza usiku kucha. Sikupata usingizi. Alfajiri nilikwenda na taa ya simu, nikakuta ndoo ipo palepale na lipu haina hata ufa wa unywele. Nilisujudu pale pale. Mamangu alitoka chumbani kwake, akaupapasa ukuta kuzunguka kila skrubu, akasema, "Mashaallah."

Masika mawili yamepita tangu hapo. Shati la skuli likifuliwa alasiri na kukamuliwa vizuri, siku ya pili asubuhi limekauka, pasi inamalizia mishono tu. Kanzu hukaa ufito wa juu ili zisiguse sakafu. Suruali za jinzi bado zinataka siku mbili, nazianika zimegeuzwa ndani nje na mifuko imevutwa. Shuka nzito siziweki zote siku moja, nafasi ya hewa baina ya nguo ina faida kuliko kujaza fito. Kila mwezi nakaza skrubu za bawaba na kufuta fito kwa kitambaa chenye siki kidogo, ukungu usipate pa kuanzia. Watoto wamekatazwa kuning'inia, na wanalitii hilo kuliko katazo langu jingine lolote.

Kamba ya dirishani nimeikata. Ufito wa chini kabisa, ule wa usawa wa kifua cha bi mkubwa, sasa ni wake. Huanika kanga zake mbili kila siku baada ya sala ya asubuhi, na mwengine haweki kitu pale.