Lipu yangu niliibandua mwenyewe

Daraja la Mpiji lilipoharibika kwa zile mvua za Aprili 2014 mi nilikuwa upande wa huku, Boko, na vyombo vyangu vyote vya kazi vilikuwa upande wa kule Mapinga kwenye stoo ya nyumba niliyokuwa napiga lipu. Mwiko, rula ya aluminiamu, ubao wa kusugulia, timazi, pima maji, kamba, kila kitu. Barabara ya Bagamoyo haipitiki, na ule ukuta wa nje niliourushia udongo Ijumaa najua kabisa mvua imeuteremsha wote chini. Mfukoni nina elfu nane na mke wangu ana mimba ya miezi saba.

Lipu nilikuwa nimeifanya miaka 12. Nilianzia Tegeta nikiwa saidia fundi, nabeba ndoo, baadae nikashika mwiko, na kazi nilikuwa naijua, narusha udongo haudondoki, napitisha rula, nasugua mpaka mtu wa rangi anafurahi akija. Lakini kila masika ni njaa. Kuanzia Machi mpaka Mei kazi za nje zinasimama, alafu bega la kulia lilishaanza kugoma, hasa nikipiga lipu ya chini ya slabu, mkono uko juu kutwa nzima na usiku huwezi hata kulalia upande huo. Nilikuwa na miaka 33 na nikiwaangalia mafundi lipu wenye miaka 50 naona wote wana mgongo na mabega, wote.

Sasa pale kibanda cha chai kulikuwa na mzee mmoja wa Tanga, fundi tailizi, tulikuwa tunasalimiana tu. Asubuhi ile nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, akaniuliza mwanangu mbona leo upo upo tu? Nikamweleza. Akasema ana mabafu matatu kwenye nyumba ya mama mmoja hapo juu na saidia wake amekwama ng'ambo ya daraja, kama nataka niende, ila atanilipa ya saidia, elfu 12. Mi nilikuwa napokea 25. Nikakubali palepale. Tulipofika ndo nikaijua ile nyumba, lipu ya ndani niliipiga mimi mwaka uliotangulia.

Wiki mbili za kwanza kazi yangu ilikuwa kuchunga maji. Saivi gundi ya tailizi imejaa madukani na gundi haitaki tailizi iliyolowa, lakini sisi tulikuwa tunabandikia niru, ule uji mzito wa simenti, na tailizi za ukutani zile zenye mgongo mwekundu ukizibandika kavu zinanyonya maji yote ya simenti, niru inakufa, baada ya miezi tailizi inaachia. Kwahiyo unazilowesha kwenye beseni. Unaitumbukiza inaanza kutoa mapovu madogo madogo mgongoni, na ukisogeza sikio unasikia kabisa inachemka polepole, ikimaliza mapovu ndo imeshiba, unaitoa unaiegesha ukutani ichuruzike, isiende ukutani inadondosha maji wala isikauke. Mzee alikuwa ananirudishia. Hii bado. Hii umeichelewesha. Nilikuwa nimezoea kuitwa fundi, na wale vijana wa umeme waliokuwa wananijua walinikuta nimechuchumaa kwenye beseni wakaangaliana, iliniuma, sikusema kitu.

Tukafika bafu la tatu, la watoto, mita moja na nusu kwa mbili. Mzee akapanga mstari wa kwanza mkavu, bila niru, tailizi za 25 kwa 40 zimesimama, akaenda nazo mpaka kwenye kona inayoangalia mlango. Kipande cha mwisho chini kinataka sentimita 9. Akapanda kwenye kopo, akapima juu, usawa wa tailizi ya tano. Sentimita 11. Akashuka, akaweka pima maji ukutani, povu likakimbilia pembeni.

"Hii lipu alipiga nani?"

Nikamwambia, mimi mzee.

Akaugusa ule ukuta na kiganja, akasema, "Rangi ilikusitiri mwanangu. Tailizi haikusitiri."

Nilitamani anigombeze tu. Ukuta ule nilipoumaliza mwaka uliopita watu waliusifu na mimi mwenyewe nilisimama nikaupenda. Sentimita mbili kwenye mita mbili kwa macho huzioni, unapaka rangi maisha yanaendelea, lakini ukibandika tailizi ule mstari wa mwisho kwenye kona unakuwa kama kabari, mwembamba chini mpana juu, na kila atakayefungua mlango atakutana nao.

Jioni ileile mzee akapigiwa simu, msiba Tanga. Akaniachia vyombo vyake vyote, akasema anza wewe, ukiona umeshindwa usibandike, nisubiri.

Usiku nikafikiria. Njia rahisi ilikuwepo, unashindilia niru nene upande mmoja ukuta unanyooka, mafundi wengi wanafanya hivo. Ila niru nene ikikauka inasinyaa, nyuma ya tailizi kunabaki tupu, mtoto akigonga na ndoo tailizi imevunjika. Asubuhi nikachukua tindo na nyundo nikaanza kubandua lipu yangu mwenyewe. Ilikuwa imeshika sana ile lipu, na hilo lilinifariji kidogo na kuniumiza pia, kila kipande natoa kwa jasho.

Mama mwenye nyumba akasikia kelele akaja mbio. "Jamani fundi, si ukuta wangu huo ulikuwa mzima!"

Nikamwambia ukweli. Mama, huu ukuta niliupiga mimi na niliukosea, haujasimama, nauvunja niurudie, simenti na mchanga ni juu yangu, wewe hutoi hata senti. Akaniangalia kimya kama dakika nzima hivi. Alafu akaondoka, akarudi na chai na maandazi mawili akaweka juu ya boksi la tailizi, hakusema neno.

Ile lipu ya pili sijawahi kupiga lipu kwa makini vile. Nilibandika vipande vya tailizi vilivyovunjika kwenye pembe nne za ukuta viwe viongozi, nikashusha timazi kutoka juu, nasubiri itulie kabisa ndo nasoma, nikafuata na kamba. Kona nikaipima kwa vipimo alivyonifundisha mzee, sentimita 60 ukuta huu, 80 ukuta ule, mshazari lazima usome 100 kamili, ukisoma 99 kona imefunga, ukisoma 101 imefunguka. Miaka 12 yote nilikuwa napiga lipu na hicho kipimo nilikuwa sikijui. Siku tatu nikaimwagia maji, ndo nikagongomelea ubao ulionyooka kwenye usawa wa mstari wa pili nikaanza kupanda na tailizi kwenda juu, mstari wa chini unaachwa kwanza, unakuja kukatwa ukishaweka sakafu.

Kipande cha kona chini kikataka sentimita 10. Nikapanda kwenye kopo, nikapima juu.

10.

Nikashuka nikapima tena chini. Nikapanda tena. Nilipima mara tano nadhani, nikakaa pale chini kwenye vumbi nikampigia mke wangu, akauliza kuna nini, nikasema hamna kitu, nilitaka tu kukusikia.

Sakafu ilinishinda kidogo. Sakafu ya bafu inakatwa kama bahasha, pembe nne zote zinateremkia kwenye tundu la maji, kila mita moja unashusha kama sentimita moja na nusu. Mzee aliporudi, siku tisa zilikuwa zimepita, akaingia bila viatu, akatoa sarafu ya shilingi 200 akagonga tailizi za ukutani moja moja zote, anasikiliza, mi nimesimama mlangoni. Hakuna iliyolia tupu. Akaomba ndoo ya maji akamwaga. Maji yakaenda vizuri, yakaingia tunduni yanazunguka, ila nyuma, pale panapokaa choo, likabaki dimbwi kama sahani.

"Hapa."

Tailizi nne za sakafu nikazitoa. Zilizobaki hazikutosha, nikaenda Tegeta kutafuta, muundo uleule jina lilelile lakini namba ya shedi, ile ya kuonyesha rangi imekolea vipi, kwenye boksi ni nyingine, ukiziweka pamoja hizi nilizonunua zinaonekana njano zaidi. Zile siku kabla viwanda vya Mkuranga na Chalinze havijaanza tulikuwa tunategemea mzigo wa kuja na meli, shedi ikiisha imeisha. Mzee akanionyesha cha kufanya, hizo za njano zikaenda chini ya choo zikafunikwa, na nzima nilizozitoa pale zikahamia kwenye mwanga. Tangu hapo sianzi kazi bila kusoma namba ya kila boksi, na mteja namwambia anunue boksi moja la ziada aweke stoo.

Malipo ya bafu la watoto mzee alinipa yote, ya fundi, kwa mita. Hakuchukua chochote.

Njia ya Mapinga ilivyotulia nikaenda kufuata vyombo vyangu. Kwenye ile saiti nilimkuta kijana mwingine anaendelea na ukuta wangu, ameazima mwiko, anasuguliwa na jua. Nikamwamkua tukaongea vizuri. Nikachukua timazi, pima maji, kamba na mwiko mdogo. Rula na ule ubao wa kusugulia nikamwachia, nikamwonyesha 60, 80, 100 pale kwenye kona yake, tukaipima pamoja, ikasoma 101.