Maski ya CPAP inavuja hewa? Usikimbilie kukaza mikanda

Jamani wenzangu mnaolala na CPAP (ile mashine inayosukuma hewa kupitia maski kwa wanaokatikiwa pumzi usingizini), hapa Kampala kupata maski nyingine si kazi rahisi na bei yake inauma, kwa hiyo hiyo uliyonayo lazima ikae vizuri. Wengi hewa ikivuja wanakaza mikanda mpaka uso unabaki na alama na bado inavuja tu, kwa sababu ule mto wa silikoni, sehemu laini ya maski inayogusa uso, unatakiwa ujae hewa kidogo ndo ushike ngozi, ukiubana sana unakunjika na hewa inapata njia, mara nyingi inapanda machoni, asubuhi macho yanawasha. Mimi nalala kabisa, nawasha mashine, presha ikishapanda navuta maski mbele kidogo naiachia ijikalie yenyewe, ndo naanza kurekebisha mikanda, kushoto na kulia sawasawa. Kuirekebisha ukiwa umekaa haisaidii sana maana uso ukilala unabadilika.

Mafuta nayo. Wengi tunajipaka Vaseline kabla ya kulala, lakini silikoni inateleza na kuharibika mapema, heri uoshe uso kwanza, na ule mto wa maski uoshe kila siku kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu. Ndevu pia zinapitisha hewa.

Ukiamka mdomo mkavu na unatumia maski ya pua, basi huenda hewa inatokea mdomoni, na kama ndivyo hata ukaze vipi haitasaidia, muulize daktari kuhusu mkanda wa kidevu au maski inayofunika pua na mdomo.