Breki ya mbele, 150cc: kalipa imefunguliwa, imebaki pistoni moja

Hali ilivyokuwa: tairi la mbele likiinuliwa na kuzungushwa kwa mkono, halimalizi hata mzunguko mmoja. Leva nayo ni laini, inazama mpaka karibu na mshikio. Dalili hizi mbili zikija pamoja, usikimbilie pedi. Tairi kushikwa ni kazi ya kalipa (inayobana pedi kwenye diski) au masta silinda (pampu ya mafuta iliyo kwenye leva). Leva kuzama mara nyingi ni hewa ndani ya paipu. Pedi mpya zikifungwa juu ya pistoni iliyokwama zitaisha upesi na diski itapata moto bure.

Spea: pedi seti moja, sili 4 (kalipa ina pistoni mbili, kila moja ina sili ya mafuta na ya vumbi), washa za shaba 4, paipu mpya, grisi ya silikoni, na chupa ndogo ya mafuta ya breki, DOT 4, ambayo haijafunguliwa. Ukienda Kirinyaga Road beba pedi ya zamani mkononi. Kutaja jina la pikipiki peke yake hakutoshi, maana masikio ya pedi hutofautiana hata kama umbo ni lile lile.

Kalipa

Boliti ya paipu inalegezwa kidogo wakati kalipa bado imefungwa kwenye shoki. Ikishatoka utahangaika kuishika. Kisha ondoa pedi, weka kipande cha mbao katikati, na ubane leva polepole ili mafuta yenyewe yasukume pistoni nje. Moja ikitangulia, ishike kwa jiriwa ndogo mpaka mwenzake asogee. Upepo wa kompresa hapana: pistoni hutoka kama risasi, na vidole huwa ndiko inakoelekea.

Ugonjwa ulikuwa kwenye mifereji ya sili. Ndani kulikuwa na gamba jeupe, gumu, lililokauka kama chokaa ya sufuria ya chai. Sili ya mafuta ni ya pembe nne. Ukibana breki inapinda pamoja na pistoni, ukiachilia inajinyoosha na kuirudisha nyuma kidogo sana, kiasi cha pedi kuacha diski. Gamba likijaa nyuma yake, sili inasukumwa ikaminya pistoni na haina tena nafasi ya kupinda. Breki inabaki imeshika.

Gamba linatolewa kwa kijiti cha mbao na spiriti, wala si bisibisi, kwa sababu aluminiamu inachanika upesi. Petroli isiguse sili wala masta silinda. Gereji nyingi huosha nayo, halafu raba inavimba na kazi inarudi pale pale. Grisi ya kawaida kwenye pini za kalipa ina kosa hilo hilo, ndiyo maana ikanunuliwa ya silikoni. Sili mpya hulowekwa kwa DOT 4 safi kabla ya kuingizwa.

Pistoni ya kwanza ni safi. Ya pili ina vishimo vya kutu mahali sili ya mafuta inapokaa. Msasa hautasaidia, utaondoa kromu na kuacha njia ya kuvuja. Inabadilishwa.

Diski: kipimo cha chini kimepigwa chapa juu yake, tafuta MIN TH. Ukipima kwa venia moja kwa moja unadanganywa na ukingo usiolika. Weka sarafu ya shilingi moja kila upande, pima vyote pamoja, kisha utoe unene wa sarafu.

Masta silinda

Chini ya kikopo cha mafuta kuna matundu mawili. Lile dogo kabisa ndilo mafuta hurudia yakitanuka kwa joto. Likiziba, breki inajikaza yenyewe kadiri unavyoendesha, kisha ikipoa inaachia, na fundi haoni kitu. Limezibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa umeme. Limefunguka ikiwa mafuta yanaruka kidogo mwanzoni mwa kubana leva.

Kutoa hewa (kwa pistoni mpya ikipatikana)

Paipu ikiwa tupu, kupampu kwa leva kunachosha. Jaza sirinji, unganisha na niplo ya kalipa (kitundu cha kutolea hewa), fungua kwa spana namba 8 na usukume mafuta kutoka chini. Hewa inapanda yenyewe. Angalia kikopo kisifurike, na mafuta yakidondoka kwenye tangi mwaga maji papo hapo, yanakula rangi. Malizia kwa leva kama kawaida. Ikibaki laini, hewa iko kwenye boliti ya juu, karibu na masta: geuza usukani boliti ile ikae chini kuliko kikopo, gonga paipu, kisha funga leva ikiwa imebanwa kwa mpira wa tyubu usiku kucha.

Mafuta yasiachwe kuzeeka. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Mteremko wa kwenda Mai Mahiu na abiria nyuma ndio hukagua hilo.

Kilichobaki: pistoni, na sili ya shoki ya kulia inayotoa unyevu. Hiyo itabadilishwa kwanza, kwa sababu tone la oili likifika kwenye pedi mpya, zimeharibika.