Siku ya plamba: sinki linalokoroma Buruburu

Saa moja asubuhi ni Jogoo Road na msongamano wake. Saa mbili, vifaa viko chini kwenye bafu la Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970.

"Limeziba tu, fundi. Lizibue uende." Mama mwenye nyumba ameshamwaga dawa ya kuzibulia, kwa hiyo glavu kwanza.

Halijaziba. Maji yanashuka kwa kasi, kisha mwishoni sinki linakoroma na harufu inapanda. Trapu, ule mpindo wa bomba chini ya sinki, inapaswa kubaki na kina cha milimita 75 za maji ya kuzuia harufu. Ukiingiza waya, unatoka umelowa ncha tu. Sinki lilihamishiwa ukuta wa pili wakati wa ukarabati, na bomba la milimita 32 sasa linasafiri karibu mita tatu hadi bomba kuu. Bila bomba la kuingiza hewa, saizi hiyo isizidi mita 1.7. Maji yakilijaza, yanafyonza trapu kama soda kwa mrija.

Saa tatu hadi saa sita ni maneno. "Nyumba imekaa miaka yote hii bila hiyo hewa yako." Kisha kijana wake anapigiwa simu ya video, na maelezo yanaanza upya. Anataka valvu ya hewa, ile ndogo ya kufungwa chini ya sinki. Inafaa, mradi isimame wima, iwe juu ya trapu, na mkono uifikie. Mpira wake hukwama siku moja. Yeye anataka ifichwe nyuma ya vigae. Hapo hapana. Mwishowe tunakubaliana: vigae vinne vivunjwe, bomba la hewa litokee nje.

Mchana wote ni patasi na vumbi. Tii, kiungo cha umbo la T cha bomba la hewa, inakaa ndani ya sentimita 75 kutoka trapu. Mteremko wa bomba la maji ni kama milimita 20 kwa kila mita. Ukiuzidisha, maji yanakimbia na kufyonza tena. Bomba la hewa lipande moja kwa moja, na kama lazima lipinde, lipinde juu ya ukingo wa sinki, la sivyo uchafu utaingia siku sinki likiziba kweli. Futa ncha, paka gundi pande zote mbili, sukuma ukizungusha kidogo, shikilia. Mafundi wengi huachilia mapema, kiungo kikajirudisha.

Juu ya paa mgongo umeshachoka, lakini dirisha la jirani liko ndani ya mita tatu, kwa hiyo mdomo wa bomba upite juu yake kwa sentimita 90. Kofia ya wavu, ndege wasijenge.

Giza linaingia. Sinki linajazwa, kizibo kinatolewa: kimya, na waya unatoka umelowa vizuri.

"Na hiyo pesa yote ni ya bomba la hewa?"

Ndiyo, mama. Na rangi ya bomba la nje bado, maana PVC tupu jua huifanya ipasuke.