Tairi Lilipasuka Mchinga, Tukabishana Juu ya Ng'ombe

Nauli ya kutoka Mtwara hadi Nangurukuru nililipa ya kiti, nikapewa ndoo iliyofudikizwa katikati ya njia. Kondakta aliahidi kiti tukifika Lindi. Lindi ikapita, kiti kisipatikane. Kwa hiyo tairi la nyuma lilipopasuka karibu na Mchinga, huenda ni mimi peke yangu niliyeshuka nikiwa na furaha. Tairi la akiba halikuwa na upepo. Kijana alitumwa nalo kwa bodaboda, nasi tukajibanza chini ya mkorosho bila mtu yeyote kutuomba radhi.

Hapo ndipo mvuvi mmoja wa Kipemba, mtu wa makamo aliyetoka kuvua dagaa Mtwara, alipotoa simu kutuonyesha mchezo wa ng'ombe wa kwao: dume limefungwa kamba, vijana wanalichokoza kwa nguo, wanawake wanaimba, na mmoja anaparamia mti pembe zikiwa nyuma yake. Mchezo huo, alisema, wazee waliupata kwa Wareno. Abiria walicheka, isipokuwa binti mmoja, daktari wa mifugo aliyekuwa akienda Kilwa.

"Baba, huyo ng'ombe ana kosa gani?"

"Mwanangu, sisi hatumuui. Jioni anarudi malishoni. Kawaulize Wahispania!"

Binti alikuwa na habari za Wahispania. Alitueleza jinsi mpanda farasi anavyomchoma dume mkuki kwenye msuli wa shingo ili ashindwe kuinua kichwa, kisha vijiti vyenye ncha za chuma vikakitwa mgongoni, na mwishoni upanga ukapita katikati ya mabega. Yote hayo kwa takriban dakika 20, na kwa kawaida madume 6 huuawa kwa alasiri moja. Hispania iliutambua mchezo huo kuwa urithi wa utamaduni kwa sheria ya mwaka 2013. Bunge la Catalonia lilikuwa limeupiga marufuku mwaka 2010, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikaitengua marufuku hiyo, kwa hoja kwamba jimbo limeingilia mamlaka ya taifa. Kolombia nayo, iliyoupokea kutoka kwa Wahispania hao hao, ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuukomesha ifikapo 2027.

"Na Wareno je?" Mpemba aliuliza, kama mtu anayeulizia ndugu zake.

Ureno ilikataza mwaka 1928 kumuua dume uwanjani. "Lakini wengi huchinjwa baadaye, watazamaji wakishaondoka," binti aliongeza, na Mpemba akanyamaza kidogo.

Mimi nilimfikiria bibi yangu wa Newala, aliyekuwa na chale usoni na tundu la ndonya, kile kipambo cha mdomoni, katika mdomo wa juu. Mama yangu hakuchanjwa, mimi sikuchanjwa, na hakuna aliyetuambia kwamba Umakonde wetu umepungua. Kwa sababu hiyo, hoja kwamba mila ikiguswa itakufa hainiingii akilini. Ila kuna tofauti ambayo watetezi wa mchezo huu huiruka: maumivu ya chale aliyabeba bibi, na sifa za uzuri alizipata bibi. Katika uwanja wa ng'ombe maumivu ni ya mmoja na sifa ni za mwingine. Mchezo wa Pemba nauona mwepesi mno ukilinganishwa na ule wa Madrid, na nikialikwa nitakwenda kuutazama. Lakini hata kule Pemba kamba haikufungwa kwa ridhaa ya ng'ombe.

Nilikuwa karibu kuyasema hayo mbuzi walipolia. Walikuwa kwenye buti la basi tangu Mtwara, miguu imefungwa, jua la saa saba likiwaka juu ya bati. Binti akasimama, akataja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na akataka washushwe.

"Hao ni wa kuchinjwa, mama," mwenye mbuzi alijibu kwa ukali.

"Hata wa kuchinjwa anaona kiu."

Aliyeinuka kuwashusha ni Mpemba. Aliwafungua miguu na kuwamiminia maji yake katika kifuu cha nazi, akinung'unika kwamba maji ya chupa njiani humu yanauzwa kama dawa. Tairi lilipoletwa, kondakta alidai shilingi elfu mbili za kuwapakia mbuzi upya. Mwenye mbuzi akamwonyesha daktari, daktari akamwonyesha Mpemba, na Mpemba akasema yeye ameshatoa maji.